Uzito Uko Kwenye Kulabu

Brayo na wenzako wote wa gereji, siku ile ya keki ya kuniaga mliniambia niandike. "Mathe, tuandikie hata kurasa mbili za yale unajua, kabla usahau." Nikacheka, nikasema nitaandika nikipata nafasi. Sikujua kwamba nafasi ndiyo ingekuwa adui yangu. Mwalimu, mume wangu, alistaafu kabla yangu na akaijulia kazi ya kustaafu siku hiyo hiyo: anakaa kibarazani na redio yake, chai yake na kimya chake. Mimi nimekalia kiti cha pili na kuinuka hadi miguu ya kiti imelegea. Nimekaza skrubu zake zote, nikahamia za meza, nikahamia za mlango. Majuzi lori la mawe lilipita nikampigia jirani kelele ng'ambo ya ua kwamba springi ya nyuma ya lori lile imevunjika jani moja. Akaniuliza nani ameniomba.

Nyumba yetu hapa Dagoretti iko juu ya kona. Barabara inashuka kuelekea mtoni halafu inakunja ghafla, na magari ya kichinjioni hupita hapo asubuhi yakienda mjini. Mimi huyatazama yakilala, yaani yakiinamia upande. Nimetazama magari yakilala kwenye kona maisha yangu yote ya kazi, sijui kutazama kitu kingine. Na ni kwenye kona hiyo, wiki iliyopita, nilipoona jambo lililonifanya nimwage chai na kukosa raha hadi Ijumaa. Nitafika huko. Lakini lazima nianzie mbali kidogo, ama mtasema haya ni makelele ya mama aliyekosa kazi ya kufanya.

Nilianza kazi mjini, kwenye gereji iliyokuwa nyuma ya maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, cheti kikiwa ndani ya bahasha, bahasha ikiwa ndani ya gazeti isishike mafuta. Fundi wa magurudumu na springi alikuwa Mzee Kioko, mtu wa Machakos, mfupi, mwenye hasira za karibu. Hakuitazama bahasha. Alitazama viatu vyangu, akasema vitafaa. Nilidhani atanituma chini ya gari. Badala yake akanipeleka kwenye raundabauti, akanisimamisha kando ya barabara.

"Simama hapa. Nikirudi utaniambia umeona nini."

Mnanijua. Kusimama mahali pamoja kwangu ni adhabu. Nilibadilisha mguu, nikahesabu mabango, nikakaribia kwenda zangu nyumbani. Alirudi saa ya chakula.

"Umeona nini?"

"Nimeona magari, mzee."

"Hata ng'ombe ameona magari. Baki hapo."

Nilibaki siku ile na kesho yake. Nilipokuwa nimechoka hata kukasirika, nikaanza kuona. Niliona kwamba gari likiingia kwenye kona, mwili wake unalala upande wa nje, na kwamba hakuna mawili yanayolala sawa. Moja hulala taratibu na kutulia hapo hadi kona iishe. Jingine hulala upesi, likainuka, likalala tena, na kona ni ile ile. Jingine hutanguliza pua. Mzee Kioko aliporudi nilimwonyesha teksi kuukuu iliyokuwa ikifanya hivyo, kulala na kuinuka na kulala.

"Shokomzoba zimekufa," akasema. "Sasa njoo nikupe spana."

Vifaa vyake vilikuwa vya aibu. Alikuwa na uzi wa mshonaji, timazi la mwashi, chaki, na kipande cha ubao alichokuwa akimpigia mtu mkono akikosea. Kwa vifaa hivyo tu alikuwa akinyoosha magurudumu ya magari ambayo mashine kubwa za wengine zilikuwa zimeshindwa kuyanyoosha, na alikuwa akilijua hilo sana, hadi kero. Siku moja alichora gari ukutani kwa chaki, likitazamwa kutoka mbele: magurudumu mawili, na kila gurudumu likishikwa na mikono miwili ya chuma, mmoja wa juu, mwingine wa chini.

"Refusha mstari wa huu wa juu," akaniambia. "Refusha wa chini. Inakutana wapi?"

Ilikutana ng'ambo, karibu na gurudumu la pili.

"Kutoka hapo vuta uzi mpaka tairi inapogusa barabara. Sasa uone uzi umekata katikati ya gari wapi. Hapo ndipo kiuno."

Ninyi mna jina lake la vitabuni, lakini mimi nimelitumia la Mzee Kioko hadi nimestaafu nalo, na gari halijawahi kulalamika. Kiuno ni pale gari linapojipindia likilala. Hakina nati, hukioni ukiwa chini ya gari, na ukikitafuta kwa tochi utapata kutu tu. Kinakaa pale mikono ya chuma inapoamua kikae. Ubadilishe pembe ya mikono, kiuno kimehama. Halafu kuna kifua, ambacho ni pale uzito wa gari ulipo. Kona inasukuma kifua kwenda nje, kiuno kinashikilia. Kifua kikiwa mbali na kiuno, msukumo unapata mpini mrefu na gari linalala sana. Vikikaribiana, linalala kidogo.

Nilipoelewa hilo nikawa kero mpya mjini. Nilitaka kila gari lisilale. Nilikuwa nikimfuata Mzee Kioko na uzi, namwambia tukiinua hapa, tukikaza pale, hili litakaa wima kabisa. Alinisikiliza hadi alipochoka, ambako hakukuwa mbali.

"Wee Nyambura, kulala ni mdomo wa gari. Unataka kuuziba kwa nini?"

Sikumwelewa. Nilidhani ni uzee.

Kiwanja cha mjini kilipouzwa tulihamia Kangemi, hapo mlipo sasa, naye akaja na chaki yake. Ukaja wakati wa vijana kukata springi. Alitujia mmoja wa Lavington na gari lililoshushwa hadi likawa linakwaruza kila tuta. Alikuwa amekasirika kwa heshima.

"Mathe, nimeishusha chini kabisa ndio ishike barabara. Mbona inalala kuliko zamani?"

Nilimlaza chini ya gari akaona mwenyewe. Mikono iliyopaswa kuteremka kidogo kuelekea gurudumu ilikuwa sasa imepanda juu, na nilipovuta uzi, kiuno kilikuwa kimezama chini ya ardhi. Alikuwa ameshusha kifua kidole kimoja, kiuno kikashuka shubiri. Mpini ukarefuka. Alitaka nimwekee springi ngumu kama jiwe. Nilimwambia atafute springi zake za kwanza. Akasema alizitupa, basi tukaenda wote kuzitafuta kwa mtu wa vyuma vikuukuu, na tulizipata zikiwa zimeshikilia kibanda cha kuku.

Halafu upepo ukageuka, watu wakaanza kuinua. Matuta na mashimo ya Nairobi yaliwashawishi wote kwamba gari lolote litokalo Japani limezaliwa fupi. Kila kibanda kikawa kinauza vipande vya mpira na chuma vya kuweka juu ya springi, gari lisimame kama mbuni. Hapa ndipo mnaponiudhi hadi leo, kwa hivyo nisikilizeni. Gari lililoinuliwa mara nyingine hulala kidogo kuliko zamani. Ndiyo. Mikono imeteremka zaidi, kiuno kimepanda haraka kuliko kifua, mpini umefupika, na mwenye gari anarudi kuwashukuru. Lakini kifua nacho kimepanda, na nafasi kati ya magurudumu haikutanuka. Gari liko karibu zaidi na kupinduka, ila sasa linakwenda huko likiwa wima. Gari lisilolala na gari lililo salama ni magari mawili tofauti.

Hilo mimi mwenyewe sikulijua hadi liliponijia likiwa na nyama ndani.

Mama Wangeci ana bucha Kenyatta Market, upande wa nyama choma, na pikapu yenye sanduku refu jeupe la kubebea nyama kutoka kichinjioni Dagoretti. Asubuhi moja aliingia gerejini na dereva wake nyuma yake. Dereva huyo, Njuguna, alikuwa jirani yetu, baba wa watoto watatu wadogo, mtaratibu hadi anachosha. Ni mtu wa kupunguza mwendo akiona kuku upande wa pili wa barabara.

"Mama Ciku, nataka uniambie ukweli," Mama Wangeci alisema, akiniita kwa jina la mwanangu, hata kabla ya kusalimiana. "Mbaya ni gari ama ni huyu? Kwa sababu kama ni huyu, anaenda nyumbani leo."

Juzi yake gari lilikuwa limesimama kwa magurudumu mawili kwenye kona ya mtoni, ile iliyo chini ya nyumba yangu, kisha likaangukia ukingo wa mtaro. Nyama iliharibika. Njuguna alitoka na kovu kwenye paji la uso ambalo analo mpaka leo. Madereva wawili kabla yake walikuwa wamefutwa kwa jambo lile lile, kuendesha kama wazimu, na sasa ilikuwa zamu yake.

"Siendeshi mbio, Mathe," Njuguna aliniambia kwa sauti ya chini. "Haki ya Mungu. Hii gari inanisukuma."

Nililipandisha juu. Bushi za mpira zilikuwa nzima, shokomzoba nzima, mikono imekaa inavyotakiwa. Nilivuta uzi, kiuno kilikuwa mahali pake. Nikaliendesha mwenyewe kwenye kona zote za Kangemi na kurudi. Lililala kistaarabu, likainuka kistaarabu. Niliporudi Mama Wangeci alikuwa amekunja mikono.

"Basi ni huyu."

"Nipe mpaka kesho," nikasema.

"Kesho utapata nini ambacho leo hakipo?"

Nilimtazama Njuguna, naye alikuwa akitazama mikono yake, na nikaona nikisema gari ni zima nimemfuta kazi kwa mdomo wangu, na wa nne naye atakuja kufa na lile gari. Nilimshika Mama Wangeci mkono, nikamwambia kesho tu. Akakubali kwa shingo upande.

Sikuweza kukaa jioni ile. Mzee Kioko alikuwa amesharudi kwao Machakos kufuga mbuzi, basi nikampigia simu nikamweleza kila kitu, bushi, shokomzoba, uzi, kila kona niliyopita.

"Ulikuwa umebeba nini?" akauliza.

"Hakuna kitu, mzee. Ilikuwa tupu."

"Basi umempima mtu mwingine."

Akakata simu. Alikuwa na mbuzi wa kukamua.

Asubuhi nilikuwa kichinjioni kabla ya Njuguna. Ng'ombe walikuwa wamepasuliwa nusu nusu, ndefu hizo, na kila nusu ilitundikwa kwenye kulabu, na kulabu zikapachikwa kwenye reli iliyopita darini mwa sanduku. Zilining'inia hadi karibu na sakafu. Niliomba kukaa nyuma. Wapakiaji walicheka sana, mmoja akaniuliza kama nitauzwa kwa kilo. Nilijibana kwenye kona ya sanduku na tochi yangu, nikamwambia Njuguna apite njia yake ya kila siku, kwa mwendo wake wa kila siku.

Alikwenda polepole kiasi kwamba nilitamani kumpigia ukuta aongeze. Tukafika kona ya mtoni. Gari likalala, kidogo tu, kama lilivyolala mikononi mwangu jana. Likamaliza kulala. Na hapo, likiwa limeshatulia, zile nyama zote zikaondoka pamoja kwenda upande wa nje. Paja la ng'ombe likanipiga kifuani, nyingine zikagonga ukuta, na gari likalala mara ya pili, zaidi ya mara ya kwanza, mpaka nikasikia gurudumu la ndani likiiacha barabara na kurudi. Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini, lakini Njuguna anasema haikuwa sala.

Nilikaa pale kwenye sakafu yenye damu nikiwa na hofu na furaha kwa pamoja. Nyama ilifika chini kabisa, na yeyote akiitazama angesema uzito uko chini. Lakini gari halijui nyama iko wapi. Gari linajua linavutwa kutoka wapi, na lilikuwa likivutwa na kulabu, na kulabu ziko darini. Kila nusu ya ng'ombe ilikuwa kama imewekwa juu ya paa. Kifua kilikuwa juu kupita mahali popote ambapo uzi wangu ungenionyesha, halafu kikachelewa, kikaja kusukuma wakati gari limekwisha kulala. Siku nzima ya jana nilikuwa nimetafuta ugonjwa kwenye kiuno.

Mama Wangeci alinisikiliza mbele ya bucha yake, moshi wa wachomaji ukitupita usoni.

"Sawa," akasema. "Basi weka ile baa nene. Nimesikia inazuia gari kulala."

Alimaanisha stabilaiza, chuma kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili mwili usipinde sana. Na ningeweza kuiweka siku ile ile, akaenda zake akishukuru. Hapo ndipo maneno ya Mzee Kioko, kwamba kulala ni mdomo wa gari, yaliponirudia, nikayaelewa baada ya miaka yote hiyo, nikaona haya kidogo kwa kudhani yalikuwa ya uzee.

"Naweza," nikamwambia. "Haitalala tena. Lakini nyama itakuwa pale pale juu, na siku moja itapinduka ikiwa imenyooka. Na Njuguna hatajua, kwa sababu hakuna kitu kitamwambia apunguze."

"Dereva mzuri anajua."

"Mama Wangeci, umewahi kupanda hii gari ikiwa na nyama?"

Hakuwa amewahi. Gari lake, nyama yake, madereva wawili alishawafuta, na hakuwahi kukaa ndani siku moja. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia tu kesho avae sweta.

Kesho yake alikaa mbele, mimi katikati, Njuguna kwenye usukani. Tulitoka kichinjioni Mama Wangeci akizungumza nami habari za mahari ya mpwa wake. Tulipoanza kushuka kuelekea kona maneno yalipungua. Gari lilipolala mara ya kwanza alishika dashibodi. Lilipolala mara ya pili alinishika mimi.

"Njuguna, punguza, utatuua."

"Mama, hapa niko polepole kuliko siku zote," Njuguna alisema. "Leo niko na wewe."

Tukafika Kenyatta Market. Mama Wangeci aliteremka, akaipanga leso yake kichwani, akamwambia Njuguna aende akanywe chai. Habari ya kufutwa kazi haikutajwa tena.

Tiba ilikuwa ya kulabu, si ya springi. Nyama ikawa inakatwa robo badala ya nusu, fupi, na fundi wa vyuma wa Kangemi akatushushia reli. Kisha akachomea chuma cha pili usawa wa magoti, kisichoshika kutu na cha kuosheka, ili kila robo ifungwe na chini pia isipate pa kwenda. Wakataji walinung'unika kwamba asubuhi yao imeharibiwa. Gari likatulia. Lakini kwenye kona ya mtoni bado lililala, kidogo, mara moja, na Njuguna akaja kuniuliza mbona sijaimaliza kazi.

"Hiyo iache," nikamwambia. "Hiyo ndiyo inakwambia upunguze."

Aliendesha lile gari miaka mingi. Watoto wake walimaliza shule. Kila asubuhi akipita chini ya nyumba yetu alipiga honi, hata Jumapili nikiwa nimelala, na Mwalimu akawa anamwita saa ya ukutani.

Sasa niwaambie ya wiki iliyopita. Nilikuwa kibarazani, kikombe mkononi, nikasikia honi. Nikainuka kulitazama. Lile gari lilikuja likishuka kwa mwendo ambao sikuwahi kumwona Njuguna nao, likaingia kwenye kona, likapita limenyooka kama kabati. Halikulala hata kidogo. Taa za breki hazikuwaka. Mwalimu aliniuliza mbona namwaga chai miguuni mwake.

Nikampigia Njuguna alipofika sokoni.

"Mathe, hii gari imepona kabisa," akasema, na nikasikia alivyofurahi. "Hata hapo kwenu siku hizi naingia bila kugusa breki."

"Nyama mnakata robo?"

"Zii, siku hizi inakuja nusu. Kimani alisema robo inatuchelewesha. Ile chuma ya chini tulitoa, na reli ikarudi juu. Ikaanza kulala tena, akapeleka kwa kina Brayo wakaweka baa."

Kimani ni mwanawe Mama Wangeci, ndiye anayeshika bucha tangu magoti ya mamake yaanze kuuma. Si mtu mbaya. Ni mtu wa haraka, kama mimi.

Nilikuja hapo gerejini nikiwa na viatu vya nyumbani, mliniona. Brayo, ulinipa kiti nikakikataa. Ulisema, "Lakini Mathe, si mteja alisema inalala? Tukaitibu." Nikakuuliza kama ulipanda nayo ikiwa na nyama. Ukatazama chini. Sikukutukana, na wanaonijua wanajua hilo halikuwa jambo dogo. Uliletewa gari tupu na neno moja la mteja. Nami niliwahi kuletewa hivyo hivyo, na nisingekuwa na mzee mkali wa kunikatia simu ningefanya ulichofanya. Ndiyo sababu naandika haya. Mzee Kioko hayupo tena, na mimi nina kiti kibarazani.

Kimani sikumpigia. Nilimpigia mamake.

"Mama Ciku, si hii kitu tulimaliza?" akasema.

"Tulimaliza. Wameianza tena."

Nadhani alikuwa amerudi kwenye kile kiti cha mbele, ameshika mkono wangu. "Niachie Kimani," akasema. Kimani ni mtu mzima mwenye watoto, lakini sauti ya mamake bado inafika mbali. Jumatano reli ilishuka na chuma cha magoti kikarudi, mkaitoa ile baa nene, mkarudisha ile nyembamba iliyokuja na gari. Alhamisi nyama ikarudi kukatwa robo, na wakataji walinung'unika kama wale wa kwanza walivyonung'unika.

Ijumaa asubuhi Njuguna alinichukua kichinjioni. Alikuwa amenuna. Alinieleza njiani kwamba gari lilikuwa tamu, kwamba miaka hii yote alikuwa akiendesha kama mgonjwa, na alipopata raha ya wiki chache nimekuja kumnyang'anya. Kovu lake lilikuwa likinitazama kutoka kwenye paji la uso. Nilikuwa na mengi ya kumjibu. Nilijiuma mdomo, nikaweka mikono chini ya mapaja isiguse kitu.

Tukaanza kushuka kuelekea mtoni. Alikuja na ule mwendo mpya, hakujua kama amekuja nao. Niliiona nyumba yangu juu, na Mwalimu kibarazani amesimama, yeye ambaye huwa hasimami. Kona ikaja. Gari likalala, mara moja, kidogo.

Na mguu wa Njuguna ukaenda kwenye breki. Sikumwambia, wala yeye hakuuambia. Aliutazama kama mguu wa mtu mwingine, halafu akautazama ukingo wa mtaro ulivyopita dirishani, mahali pale pale, na akapunguza tena.

Nilimwomba anishushe hapo hapo, nikapanda kilima kwa miguu. Mwalimu alikuwa ameketi tena. Aliniuliza kama sasa nitakaa. Nikakaa. Nimekaa mpaka nimemaliza kuandika haya, na kiti hiki kinahitaji kukazwa tena mguu wa nyuma, lakini kinaweza kungoja.